Kinanda Kilichopotewa na Sauti

Hotuba iliyosomwa Mhunze mbele ya waalimu, wanakwaya na wazee wa kanisa



Baba Paroko, wazee wetu, waalimu wenzetu, wanakwaya, na ninyi nyote mliokuja kutoka vigangoni: tumeombwa tuseme neno katika siku hizi za jubilei, nasi tulipouliza tuseme juu ya nini, tukajibiwa, "Semeni habari ya kile kinanda." Wengine watasimulia habari za Wamisionari wa kwanza na za makatekista waliozunguka mbugani kwa miguu, na hayo ndiyo makubwa. Sisi kazi yetu ni ndogo. Mchana twafundisha shule, na jioni twatengeneza redio na vinanda. Basi tutaeleza habari ya chombo kimoja kilichopotewa na sauti, jinsi ugonjwa wake ulivyotafutwa, na jinsi mtu mmoja alivyokaribia kuonewa kwa ajili yake. Wenye vinanda vya zamani parokiani mwao wasikilize, maana ugonjwa huu si wa chombo kimoja tu.

Vinanda vya kwanza vilivyoletwa na Wamisionari katika nchi hizi vilikuwa vya mivukuto. Mpigaji alikanyaga mbao mbili kwa miguu yake, upepo ukapita katika ndimi nyembamba za shaba, na kila ulimi ukatoa sauti yake. Sauti ikipungua, hapakuwa na siri: ama mivukuto imetoboka, ama panya wametafuna ngozi, ama mpigaji amechoka. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikuwa amekataza piano na ngoma katika ibada, hivyo kinanda kilikaa kanisani bila jirani kwa miaka 60, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa vyombo vingine mwaka 1963. Sisi Wasukuma, watu wa ngoma tangu mababu, hatuna haja ya kueleza furaha yetu. Walakini kinanda hakikuondoka. Kilisogea tu kikaipisha ngoma, nayo ngoma haina huruma kwa jirani mwenye sauti dhaifu.

Mwaka 1950 sehemu zetu zilitengwa zikaitwa Maswa, na mwaka 1956 zikawa Jimbo la Shinyanga, Askofu wake wa kwanza akiwa Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll la Marekani. Twataja hayo kwa sababu jimbo hili lina marafiki Marekani hata leo, na rafiki hupenda kutoa zawadi. Waalimu hutuuliza mara kwa mara: "Tumeahidiwa kinanda cha zamani kutoka ng'ambo. Tukipokee?" Jibu letu ni hili: ulizeni kwanza ni cha namna gani. Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago alitoa kinanda cha umeme ambacho ndani yake mna magurudumu madogo ya chuma, yakizungushwa na mota karibu na sumaku, na kila gurudumu huzaa sauti yake. Mota hiyo hufuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, na wa kwetu mara 50. Basi chombo hicho kilichofanyizwa kwa matumizi ya Marekani kikiletwa huku, magurudumu hupata sehemu tano tu katika sita za mwendo wake, na kibao cha Do hutoa sauti iliyo karibu na La ya chini yake. Transfoma ya kushusha volti 230 hata 120 haiponyi jambo hili, kwani transfoma hubadili nguvu, haibadili mapigo. Kwaya itaimba kwa sauti nzito kama watu walio matangani, na fundi atalaumiwa bure. Vinanda vya transista vilivyofuata kwa kawaida havina shida hiyo, maana sauti zao huzaliwa ndani bila kutegemea mapigo ya waya wa nje. Hivyo hutaka transfoma nzuri tu, yenye nguvu kupita mahitaji ya chombo.

Kinanda chetu ni cha namna hii ya pili. Ni cha miaka ya 1970, kazi ya kiwanda kimoja cha Ulaya, na kilifika hapa kwa zawadi. Kina safu mbili za vibao kwa mikono, na chini kina vibao 13 vya mguu kwa sauti za besi. Upande wa kulia, chini kabisa, mna kanyagio pana kama kanyagio la mafuta la motokaa. Mpigaji akilikandamiza sauti huongezeka, akiliachia hupungua. Kwa miaka mingi kilisikika hata nje, kwa wale wanaopenda kusali chini ya mti.

Baada ya Pasaka ya mwaka 2023 sauti yake ilianguka. Haikuzimika. Vibao vyote vililia, kila kimoja kwa sauti yake sahihi, ila kwa mbali, kama redio ya jirani usiku. Ngoma zikianza, hakisikiki tena. Wanakwaya wakaanza kupotea njia. Sauti ya kwanza wakapanda, besi wakashuka, na Jumapili moja wimbo wa matoleo ulianza katika sauti moja ukaisha katika nyingine.

Mpiga kinanda wetu ni mzee aliyefundisha shule maisha yake yote, naye amekipiga chombo kile tangu kilipofika. Mguu wake wa kulia humsumbua, huja kanisani na mkongojo. Wazee wa kanisa walipomwuliza kuna nini, alijibu kwa upole wake, "Mguu wa kulia hauitikii tena." Wakamwonea huruma. Wakamwombea katika jumuiya. Mama mmoja alimpelekea hata mafuta ya kuchua. Na katika kikao ikaandikwa ya kwamba mwalimu amezeeka, mguu wake hauna nguvu za kukanyaga, ndiyo sababu sauti imepungua. Yafaa atafutwe kijana, na kinanda kipya kinunuliwe. Mchango ukatangazwa. Yalikuwa majira ya kuuza pamba, na watu wakatoa, hata wale ambao pamba yao haikujaza magunia mawili.

Mzee hakujitetea. Alikuwa amekwisha sema neno lake, naye si mtu wa kusema neno mara mbili. Hata ikafika siku vijana wawili watatu wakaanza kunong'ona jambo baya zaidi, ya kwamba amekiharibu chombo kwa mikono yake mwenyewe ili mwingine asije akakipiga. Neno hilo lilimfikia. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma, karibu na mlango, na kwaya ikaimba kwa ngoma tu.

Sisi tuliitwa wakati huo. Tena hatukuitwa ili tukitengeneze. Tuliitwa ili tukikadirie bei, kipate kuuzwa kama chuma chakavu.

Tuliomba siku mbili tukitazame kwanza. Na kabla ya kueleza tulichofanya, hatuna budi kueleza njia ambayo sauti huipita ndani ya chombo cha namna hii, kwani fundi asiyeijua njia hiyo hufungua skurubu zote, akamaliza jioni akiwa na skurubu tatu za ziada mkononi.

Juu kabisa mna vyanzo 12, kimoja kwa kila sauti kuanzia Do mpaka Si pamoja na zile nusu. Kila chanzo huzaa sauti ya juu mno, kisha sauti hiyo hugawanywa kwa mbili, na tena kwa mbili, na tena, hata zikapatikana Do zote, na Re zote, na nyinginezo mpaka za chini. Kutoka hapo sauti huja kwenye vibao. Kidole kikibonyeza, vijiwaya hugusana, ikapita. Kisha huingia katika vichujio, navyo huigeuza iwe kama filimbi, au zeze, au tarumbeta. Hapo ndipo mikondo yote, ya mkono wa kulia, ya mkono wa kushoto na ya mguu, hukutana ikawa mto mmoja. Mto huo hupita katika kanyagio la sauti, halafu katika amplifaya, na mwisho katika spika.

Angalieni sasa faida ya kujua hayo. Kama Fa peke yake imepotea, na imepotea katika safu zote, ugonjwa uko kwenye chanzo cha Fa. Kama ni kibao kimoja tu kinachokwaruza, ni vumbi au kutu katika vijiwaya vyake. Kama upande wa mkono mmoja ni dhaifu na mwingine ni mzima, tafuta kabla ya mahali pa kukutana. Lakini kama vyote vimedhoofika pamoja, kwa kiasi kimoja, basi ugonjwa uko baada ya mikondo kukutana, ama katika umeme unaolisha chombo kizima. Swali moja la namna hiyo, ambalo mtu aweza kulijibu kwa kidole chake bila kushika bisibisi, huondoa robo tatu za kazi. Kwetu jibu lilikuwa wazi: vyote vimedhoofika, pamoja.

Tulianza na umeme. Mafundi wengi huiruka hatua hii, nasi twaona ni kosa, hasa katika miji yetu ambamo mashine ya kusaga na kanisa huweza kuwa katika laini moja. Saa 1 jioni, mashine zikinguruma, testa ilisoma volti 196 kwenye plagi ya kinanda. Saa 5 usiku, mji ukiwa umelala, ikasoma 248. Tena waya uliokiletea kinanda umeme kutoka sakristia ulikuwa mwembamba kama wa taa, na plagi yake imeungua upande mmoja. Tuliubadili, tukajipatia volti chache. Sauti haikurudi. Walakini tuliziandika hesabu zile mbili katika daftari, nazo zikatufaa baadaye.

Hatua ya pili ilikuwa spika. Katika vinanda vingi mna tundu la visikizio vya masikio, na ndani ya tundu hilo mna ulimi mdogo ambao hukata spika pindi visikizio vinapochomekwa. Ulimi huo ukishika kutu, spika hupata sauti hafifu hata pasipo kitu kilichochomekwa. Kwa hiyo, mwenye kinanda kilichodhoofika ghafla na achomeke na kuchomoa plagi ya visikizio mara 20, huku chombo kimezimwa. Twajua vinanda vilivyopona kwa dawa hiyo tu. Chetu hakikupona. Hata ndani ya visikizio sauti ilikuwa dhaifu vilevile, basi tukajua ya kuwa spika haina hatia.

Ndipo tulipotaka kuijua amplifaya. Tulichukua redio ndogo, tukaipitisha sauti yake katika kapasita moja, tukaiunganisha na mlango wa kuingilia wa amplifaya, kanyagio likiwa limeachwa nje ya njia. Msoma habari akalijaza kanisa zima kwa sauti ya kutisha. Mama aliyekuwa akifagia kwenye ngazi za altare aliangusha ufagio. Amplifaya ilikuwa hai. Huku nyuma vyanzo ni vizima, vibao ni vizima. Kati yao palibaki kitu kimoja.

Tukamtuma mtoto amwite mzee. Alikuja akakaa, tukamwomba apige wimbo wowote huku akilikandamiza kanyagio mpaka chini, kisha aliachie, kisha tena. Mguu wake ulikwenda vema. Sauti haikubadilika hata kidogo.

Tukamwuliza, "Mwalimu, limekuwa hivi tangu lini?"

Alitutazama kitambo. "Tangu Pasaka, wanangu. Niliwaambia. Mguu wa kulia hauitikii."

Ndipo tulipofahamu. Katika chombo cha namna hii vibao vya besi hupigwa kwa mguu wa kushoto, na kanyagio la sauti hukaa chini ya mguu wa kulia. Basi tangu zamani, kama alivyofundishwa na Padre aliyemfundisha, mzee huyu huviita vibao vile "mguu wa kushoto," na kanyagio hulitaja "mguu wa kulia." Alikuwa ameusema ugonjwa wenyewe, kwa maneno matano, siku ya kwanza, mbele ya kikao kizima. Nao walimletea mafuta ya kuchua.

Tukalifungua kanyagio. Katika vinanda vingine humo mna kirekebishi kama kitufe cha sauti cha redio, ambacho huchakaa kwa kusuguana. Katika vingine vingi vya miaka ile mlifanywa hila nzuri zaidi. Ndani ya kisanduku kilichozibwa nuru isipenye, mna globu ndogo upande mmoja, na upande wa pili mna jicho lisikialo nuru. Jicho hilo likiwa gizani huzuia umeme kwa nguvu. Likimulikwa, hufungua njia. Kati ya globu na jicho mna kipande cha bati chenye tundu, kinachosogezwa na kanyagio. Mguu ukishuka, tundu hufunguka, nuru huongezeka, na sauti hukua. Hakuna kitu kinachosugua kitu, hivyo hakuna mkwaruzo. Lakini globu ikifa, jicho hubaki gizani siku zote, na chombo hubaki na ile sauti ndogo tu iliyoachiwa njia ya pembeni kisije kikawa bubu kabisa. Kanyagia mpaka kesho, ni bure.

Globu yetu ilikuwa imekatika utambi, na kioo chake kimekuwa cheusi. Waalimu wa dini waliokuwapo walitazamana wakacheka, kwa kukumbuka habari ya taa na pishi; nasi tukawaacha wacheke, maana kwa kweli ilikuwa taa, na kwa kweli ilikuwa imefunikwa.

Kwa nini ilikufa siku za Pasaka? Hapa ndipo daftari lilipotufaa. Globu hiyo hulishwa na transfoma ya chombo, na umeme wa nje ukipanda nayo hupanda. Globu ya utambi haivumilii jambo hilo: volti zikizidi kwa sehemu moja katika kumi, umri wake hushuka hata kubaki kadiri ya theluthi moja tu. Sasa fikirini ni siku gani kinanda hupigwa usiku wa manane, mashine zote za kusaga zikiwa zimezimwa na volti zikiwa juu kabisa. Ni Krismasi, na ni Mkesha wa Pasaka.

Kwenye kitako chake paliandikwa volti 12 na ampea 0.1. Tuliipata ya kufanana nayo hapa hapa Mhunze, katika duka la vipuri vya pikipiki: ni ile ndogo imulikayo dashibodi, ya volti 12 na wati 1.2, nazo wati hizo ni sawa na ampea 0.1. Bei yake haikupita bei ya soda. Kwa kuwa kitako chake ni cha namna nyingine, tuliilehemu waya zake, na katika njia yake tukatia rezista ya omu 10, ambayo huinyima karibu volti moja. Nuru yake imepungua kidogo sana, na umri wake tunatumaini umeongezeka zaidi ya mara mbili. Mtu asishawishike kutia globu yenye wati nyingi ili apate sauti kubwa. Ataunguza bati, au jicho, au transfoma.

Mzee akakaa tena. Aliweka mikono akapiga sauti tatu za Do kwa pamoja, na polepole akaushusha mguu wake wa kulia. Madirisha yalitikisika. Hakusema kitu, aliuinua mguu, akaushusha tena, akauinua, kama mtu anayejaribu kiatu.

Hatutaki mdhani kwamba yote yaliisha hapo. Sauti iliporudi, ilirudi na mvumo, nayo besi ilikuwa ya mafua. Hayo ni maradhi ya uzee. Kapasita kubwa zenye maji ya dawa ndani yake hukauka, na joto huharakisha: mafundi huhesabu ya kuwa kila digrii 10 za joto zinazozidi hukata umri wake nusu. Kinanda chetu kilikuwa kimekaa miaka na miaka chini ya bati, mgongo wake ukutani palipopigwa na jua la alasiri. Kapasita zikikauka katika njia ya umeme, chombo huvuma. Zikikauka katika njia ya sauti, besi hupotea. Tulibadili tisa. Ukingo wa spika nao, uliofanywa kwa sifongo, ulikuwa ukimomonyoka kama mkate mkavu, nao tuliubadili kwa kitambaa chepesi kilichopakwa mpira. Kazi hiyo ilituchukua wiki tatu, kwa sababu vifaa vilitoka Mwanza, na mara ya kwanza vililetwa visivyo.

Hapa twasema kwa ukali, hasa kwa vijana wanaopenda kufungua vitu. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya chombo kuzimwa, na katika vinanda vya kale vya valvu huwa ni volti 300 na zaidi, ambazo huua. Asiyejua kuzitoa, asitie mkono. Kanyagio aweza kulitazama kwa kusikiliza tu, na tundu la visikizio aweza kulisafisha. Yaliyo nyuma ya ubao wa mgongo amwachie fundi. Wala msimimine mafuta ya cherehani katika vibao, kama tulivyoona mahali fulani. Mafuta huyavuta mavumbi, na mavumbi ya mbuga zetu kutoka Juni mpaka Oktoba hayangoji kuitwa. Vijiwaya husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kifunikeni chombo kwa kitambaa, si kwa nailoni inayozuia pumzi, na lile pengo la kanyagio lizibwe kwa wavu, kwani ndilo mlango wa panya. Na vyombo vya maua vikae mahali pengine, akina mama watusamehe.

Tulipokwisha, tuliitwa katika kikao tutoe hesabu. Tuliwaambia wazee ya kwamba hatuwezi kukadiria bei ya chuma chakavu, kwa kuwa hatukukiona. Kisha tukaomba jambo moja: ile sentensi katika kumbukumbu za kikao, isemayo mguu wa mwalimu hauna nguvu, isahihishwe. Palikuwa na ubishi kidogo, mmoja akisema yaliyoandikwa yameandikwa. Mwenyekiti alichukua kalamu mwenyewe, akaandika pembeni ya ukurasa ya kuwa mguu uliotajwa ni wa kinanda. Vijana wale walikwenda nyumbani kwa mzee jioni ile. Waliyoyasema huko si yetu kuyasimulia.

Fedha za mchango, sehemu yake ndogo ilinunua vipuri, na nyingine ikanunua stabilaiza, ambayo sasa huzuia umeme wa usiku usipande. Zilizobaki zipo, na shauri lake bado. Wako wanaotaka kinanda kipya cha Kijapani chenye sauti mia kadhaa na ngoma zake ndani. Hatuwalaumu, ni chepesi, chaweza kupelekwa kigangoni juu ya pikipiki, nacho hakina globu ya kufa. Lakini kikifa chenyewe, mara nyingi hufa kipande kizima, na kipande hicho hakiuzwi Mhunze. Mawazo yetu ni kwamba kinunuliwe kwa ajili ya vigango, na hiki cha zamani kikae hapa kinapofahamika. Mwenye wazo jingine aliseme kikaoni, tena aliseme mara mbili, lipate kusikika.

Mzee sasa anawafundisha wasichana wawili na mvulana mmoja. Somo la kwanza ni majina ya sehemu zote za chombo, nao huandika.

Misa ya jubilei itaanza saa 4. Kinanda kitawashwa nusu saa mbele kipate joto, na mwalimu yeyote atakaye kuona jicho na taa yake aje wakati huo. Tutalifungua kanyagio mbele yake. Globu tatu za akiba zimo katika kopo la majani ya chai, kabatini mwa sakristia. Ufunguo anao mpiga kinanda.